Hatua Ishirini kwa Ishirini

Mchoro ulibandikwa ukutani, kwenye baraza ya ofisi ya serikali ya mtaa, na watu wakausogelea kwa makundi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro, na ajenda ilikuwa urasimishaji wa makazi, yaani kuupanga na kuupima mtaa ambao tayari umejengwa. Mimi nilikuwa nimemsindikiza shemeji yangu mwenye nyumba pale. Afisa mipango miji alieleza rangi moja baada ya nyingine: hizi nyumba za kuishi, haya maduka, hili la kijani eneo la wazi. Wenyeji walikuwa na shughuli nyingine. Kila mmoja alikuwa anatafuta paa lake. Akilipata anaweka kidole juu yake, kisha anakifuatisha kidole kile njia anayopita kila siku mpaka barabara ya daladala, aone kama na yenyewe imo.

Mama mmoja wa makamo kidole chake kilitua kwenye kijani. Aliuliza kwa sauti ya chini kama hapo ndipo penye migomba yake na msingi wa vyumba viwili alioanza kuujenga. Akajibiwa kwamba ndipo. Watu wakanyamaza. Baadhi walimtazama, baadhi wakaangalia chini, na nina hakika wengi walikuwa wanashukuru kimoyomoyo kwamba kijani hakikuwaangukia wao.

Swali lile ndilo lililokuwa maoni ya kwanza ya mwananchi kuhusu eneo la wazi la mtaa ule. Lilikuja wakati picha ya anga imeshasomwa, njia zimeshapigwa mstari na viwanja vimeshapewa namba.

Sheria haikukusudia iwe hivyo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataja, miongoni mwa misingi yake, raia kushiriki katika maamuzi yanayohusu ardhi anayoimiliki au kuitumia. Sheria ya Mipango Miji ya 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya 1956, inaitaka mamlaka ya upangaji iitishe mkutano wa wadau na wamiliki wa ardhi inapotaka kuandaa mpango. Mkutano, basi, upo kisheria. Kinachonisumbua ni saa yake. Mtu huitwa kutoa maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa, na hapo hubakiwa na maneno mawili: nakubali, au sitoki.

Wakati huohuo, maoni yake kuhusu ukubwa wa viwanja na upana wa njia alishayatoa zamani. Aliyatoa kwa miguu.

Anayejua ardhi inavyouzwa pembezoni mwa jiji hili ataelewa. Mwenye shamba ana ekari mbili za mikorosho na minazi alizorithi au kununua miaka ya 1980. Mtoto amechaguliwa kwenda sekondari, au mama mkwe amelazwa, na fedha inahitajika wiki hii. Dalali analeta mnunuzi. Wanasimama kwenye kona, mmoja anaanza kutembea akihesabu: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Anageuka, anahesabu nyingine ishirini. Mpaka unawekwa kwa mche wa mnyaa au rundo la mawe. Mjumbe wa shina anashuhudia, karatasi ya mauziano inaandikwa, muhuri unagongwa. Hatua ishirini kwa ishirini. Akiwa mrefu anayehesabu, mnunuzi amebahatika.

Katika mauziano hayo hakuna anayeuza njia wala anayeinunua. Muuzaji anabakiza kipenyo cha kumpitisha mtu mwenye ndoo kichwani, kwa kuwa kila hatua anayoiacha wazi ni fedha anayoiacha. Mnunuzi wa kwanza haoni shida, maana shamba lote linalomzunguka bado ni pori na watoto wake wanacheza popote. Wa kumi naye haoni. Anayeona ni wa arobaini, siku choo kinapojaa na gari la kunyonya majitaka linaposimama mita mia mbili kutoka kwake likashindwa kuingia. Au siku ya moto. Au siku ya msiba, jeneza linapopitishwa ubavu kati ya kuta mbili.

Sisemi watu hawa ni wakorofi. Kila mmoja, ukimsikiliza, alikuwa na sababu, na ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Lakini kanuni za viwango vya mipango miji, zinazosema kiwanja kisipungue ukubwa gani, barabara iwe na upana gani na watu kadhaa watengewe uwanja gani wa kuchezea, ziko mahali ambapo yule muuzaji wa shamba hajawahi kufika. Zile za 2018 zilichapishwa kwa Kiingereza. Bunge lilikifanya Kiswahili lugha ya sheria mwaka 2021, na hilo ni jambo kubwa, ila kitendo cha kugawa shamba hakikusubiri. Mjumbe wa shina, ambaye kwa kweli ndiye aliyeidhinisha ugawaji mwingi wa ardhi katika jiji hili, hakupewa hata karatasi moja ya lugha yake inayomwambia: kabla hujashuhudia, hakikisha mita kadhaa zimeachwa hapa.

Ndiyo maana nasema mtaa usiopangwa ni daftari la maoni. Ukiusoma vizuri utajua watu wanamudu kununua kiwanja cha ukubwa gani, wanapita wapi kwenda kisimani na msikitini, na wapi walikubaliana bila kuandikiana kwamba pasijengwe, kwa sababu vijana wamesimamisha magoli mawili ya miti. Mtaalamu anayeingia na kompyuta yake akachora upya bila kulifungua daftari hilo anawapotezea watu fedha na muda, na kazi yake mwenyewe haitadumu.

Historia yetu ya maeneo ya wazi ina doa ambalo si vyema kulifunika. Viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo leo ni fahari ya Dar es Salaam, vilitengwa na wakoloni ili kuwatenganisha Waafrika wa Kariakoo na Wahindi na Wazungu wa upande wa bahari. Mpango wa jiji wa 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Uingereza, nao uliendelea na jiji la matabaka: viwanja vikubwa vyenye miti kwa wachache, vidogo vilivyobanana kwa walio wengi. Mkazi wa Kariakoo hakuulizwa. Hata hivyo alipapenda pale Mnazi Mmoja akapafanya pake. Pameswaliwa Idi, pamesomwa Maulidi, pamefanyika mikutano, pamekaliwa na mtu aliyechoka akisubiri jua lipungue. Mnazi Mmoja umebaki wazi kwa muda wote huo kwa sababu una watu wengi mno wa kuulilia. Hilo ni funzo kwa anayechora kijani kwenye karatasi.

Mipango miwili iliyofuata, wa 1968 na wa 1979, iliandaliwa na kampuni za Canada. Ule wa 1979 ulikuwa wa miaka ishirini. Ulipoisha, jiji likaendelea kukua likiwa halina mpango mkuu wa jiji, yaani Mpango Kabambe, unaotumika, mpaka ulipokuja huu wa 2016 hadi 2036. Katika pengo hilo watu hawakuacha kuzaa wala kuhamia mjini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja waliongezeka katika miaka kumi, na wengi wao waliishi kwenye ardhi iliyopimwa kwa hatua.

Serikali ilijaribu kutangulia mbele ya watu. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000, ukafika Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Gezaulole, Buyuni, Mwanagati na kwingineko, na viwanja vilivyopimwa vikapita idadi hiyo kwa mbali. Ukipita maeneo hayo leo unaona barabara zilizonyooka na nafasi za shule na soko. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mkulima aliyekuwa pale alilipwa fidia ya mazao na ardhi yake, akatazama bei ya kiwanja kilichopimwa juu ya shamba lake mwenyewe, akakusanya virago. Wengi wa aina yake walisogea mbele kidogo, wakanunua shamba jingine. Na huko, fedha ilipoisha, wakaanza kuuza. Hatua ishirini kwa ishirini.

Kigamboni kulitokea jambo zito zaidi. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba utajengwa mji mpya wa kisasa, na wakazi wakazuiwa kujenga, kuendeleza wala kuuza wakati mpango unaandaliwa. Zuio likaendelea miaka. Mtu mwenye nyumba iliyofika kwenye linta aliitazama ikiota nyasi. Mwenye mgonjwa hakuweza kuuza kipande. Mikutano ilifanyika, wananchi wakasema, wabunge wakasema, mipaka ikapunguzwa, na hatimaye wakala uliokuwa umeundwa kuusimamia mji huo ukavunjwa bila mji kujengwa. Kwangu mimi huu ndio mfano wa wazi kabisa wa gharama ya kuuliza watu kwa kuchelewa. Gharama hiyo haikuandikwa katika bajeti yoyote ya mradi. Iliandikwa katika maisha ya familia zilizosubiri.

Ipo mitaa iliyokwenda kinyume na utaratibu huo, na ningependa ijulikane zaidi. Hananasif, Kinondoni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi waliokuwa wakifurika kila masika waliunda chama chao, wakachimba na kujenga mifereji na barabara kwa mikono yao, wakisaidiwa kitaalamu na kifedha na mashirika ya kimataifa. Makongo walilikataa pendekezo la mpango lililoletwa na serikali, lakini hawakuishia kukataa. Walitafuta wataalamu wa kuwaandalia mpango wao. Ubungo Darajani wakazi wenyewe ndio walioanzisha wazo la kupimiwa, wakashirikiana na wataalamu wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, na wakakubaliana kuachia sehemu za ardhi yao ili njia zipatikane, bila kulipwa.

Hilo la bila kulipwa ndilo kitovu cha jambo zima, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Serikali inapotwaa ardhi kwa mradi, sheria inadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Katika urasimishaji hakuna fungu hilo. Wenyeji wanachangia wenyewe gharama za kupangiwa na kupimiwa. Serikali iliwahi kuweka ukomo wa Sh150,000 kwa kiwanja, baada ya malalamiko kwamba makampuni ya upimaji yanatoza watakavyo na mengine yamechukua michango yakaacha kazi njiani. Ardhi ya barabara na huduma haitokani na fedha hizo. Inatoka kwenye moyo wa mwenye kiwanja.

Barabara hupata moyo huo. Sababu yake ni nyepesi: barabara hugawa maumivu. Kila mwenye nyumba kando ya kichochoro anasogeza ukuta wake mita moja au mbili, anaupoteza mnazi mmoja, anabomoa kibanda cha kuku, na kesho yake gari linafika mlangoni na thamani ya nyumba yake inapanda. Anatoa, anapata, na anamwona jirani yake naye akitoa. Ubishi upo, tena mkali, wa kwa nini mimi nitoe mita mbili na wa ng'ambo atoe moja. Lakini ni ubishi wa watu wanaokwenda safari moja.

Uwanja wa watoto haupati moyo huo, kwa sababu humwangukia mtu mmoja. Mtaa mzima unafaidika, anayepoteza ni mama mwenye migomba. Ndiyo maana katika michoro mingi ya urasimishaji kijani husukumwa kwenye bonde linalofurika, kwenye korongo, au pembeni mwa makaburi, mahali ambapo hakuna wa kulalamika. Na panapochorwa mahali pazuri, juu ya ardhi ya mtu ambaye hakuulizwa wala hakulipwa, mtu huyo huweka tofali usiku. Simlaumu. Kanuni iliyomtaka awe mkarimu peke yake kwa niaba ya kaya mia tatu ndiyo yenye kasoro.

Pale mkutanoni kijana mmoja wa bodaboda alisimama akatoa wazo ambalo nimeendelea kulitafakari. Alisema kama uwanja ni wa wote, basi wote wachange. Hesabu yake niliiandika kwenye kiganja: kaya 300, kila moja Sh20,000, ni Sh6,000,000. Haitoshi kununua uwanja kamili wa mpira. Lakini yatosha kuanza mazungumzo ya heshima na mwenye eneo, na kama mchango huo ungeingizwa tangu mwanzo kwenye gharama za urasimishaji, kama inavyoingizwa gharama ya bikoni, yaani mawe ya mipaka, hakuna mtu ambaye angeamka asubuhi akakuta migomba yake imekuwa kijani. Kanuni inaweza kusema hivyo. 

Kuna watu wengine ambao mchoro ule ukutani haukuwahusu kabisa kwa mujibu wa utaratibu: wapangaji. Kamati ya urasimishaji ni ya wenye viwanja, na mkutano unahesabu wenye viwanja. Lakini ukitaka kujua nani ana njaa ya eneo la wazi, nenda kwenye nyumba ya vyumba sita yenye familia sita, ambako watoto hulala chini ya kitanda cha wazazi na mchana wote wako nje. Mwenye nyumba mara nyingi ana ua wake. Mpangaji ana chumba na kibaraza cha kupikia. Sauti yake ikikosekana, ni jambo la kawaida kamati ikaona kwamba uwanja si lazima sana. Sijawahi kuhudhuria mkutano wa upangaji ambao watoto waliulizwa lolote, ingawa wao ndio wanaozijua njia za mtaa kuliko mjumbe.

Baada ya mchoro kuidhinishwa, kazi ya kulilinda eneo inaanza, na hapa ndipo maoni ya wananchi yanapokuwa dhaifu zaidi. Anayetaka kubadili matumizi ya ardhi anatakiwa kuweka bango hapo hapo, likitoa muda wa watu kuwasilisha pingamizi. Mabango hayo nimeyasoma mengi. Lugha yake ni ya ofisini, maandishi yake hufutika kwa jua, na mpita njia huyaona kama matangazo ya kuuza viwanja. Siku zinakwisha, hakuna aliyepinga, na faili linaandikwa kwamba jamii imeridhia. Kimya cha mtu asiyejua kwamba ameulizwa kinahesabiwa kuwa ndiyo. Sinza, iliyopangwa vizuri katika mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, ina wakazi wanaokumbuka viwanja vya kuchezea ambavyo leo ni baa na magereji.

Majirani zetu wa Nairobi waliona ubaya huo hadharani Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipoingia barabarani kudai uwanja wao wa michezo uliozungushiwa ukuta, na polisi wakawarushia watoto mabomu ya machozi. Ukuta ulianguka na uwanja ukarudi. Picha zile zilizunguka dunia. Lakini ni aibu kwa watu wazima kwamba ilibidi pingamizi la kubadili matumizi ya ardhi litolewe na mtoto wa darasa la tano akiwa na macho yanayowasha.

Mkutano wetu ulivunjika saa saba mchana, jua likiwa kali na baraza imebaki na watu kama thelathini. Uamuzi ulikuwa kwamba kijani kiondolewe juu ya migomba, na mchoraji atafute mahali pengine. Hapakutajwa mahali. Wazo la kijana wa bodaboda liliandikwa kwenye muhtasari kwa mstari mmoja. Yule mama alitushukuru wote mmoja mmoja, kana kwamba tumempa kitu, wakati tulikuwa tumemrudishia kilicho chake. Nilipopita tena miezi kadhaa baadaye, bikoni zilikuwa zimeshapandwa, barabara ya kati imepanuka kweli na bajaji zinapishana. Vijana walikuwa wanacheza mpira juu ya barabara hiyo hiyo mpya, wakisimama kila chombo kinapopita.

Kama mtaa wako uko katika urasimishaji, nenda ofisi ya serikali ya mtaa wiki hii, bikoni zikiwa bado hazijapandwa. Omba kuuona mchoro, ni haki yako. Nenda na mpangaji wako, au kama ni mpangaji nenda na mwenye nyumba wako. Mkiwa pale ulizeni maswali matatu na mtake majibu yaandikwe kwenye muhtasari: eneo la wazi liko wapi, lilikuwa la nani, na huyo mtu amelipwa nini.